Kitako cha Kopo

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, baada ya kusimuliwa jinsi watu wapatao elfu tatu walivyobatizwa kwa siku moja huko Yerusalemu, mstari unaofuata hauelezi walilia kiasi gani wala walifurahi kiasi gani. Unasema tu kwamba walikuwa wakidumu katika fundisho la mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika kusali. Nimeusoma mstari huo kwa miaka mingi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo neno hilo moja, kudumu, linavyonikaa moyoni kuliko habari ya wale elfu tatu. Ubatizo ulikwisha siku ileile, na kudumu kukawachukua maisha yote yaliyobaki.

Nimezaliwa na kukulia Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni, pale ufukoni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, na nimekuwa mshirika wa kanisa lilelile tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Sasa mimi ni mzee wa kanisa na hufundisha darasa la ubatizo. Vijana wa darasa hilo wameniuliza zaidi ya mara moja mtu anajuaje kwamba amejitoa kweli kwa Kristo, asije akawa amelizoea kanisa tu kama mtu anavyozoea njia ya kwenda nyumbani. Huwajibu kwa Maandiko, na Maandiko yanatosha. Lakini jibu lililonifikia mimi mwenyewe mara ya kwanza halikutoka mimbarini. Lilitoka kwenye kopo.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba kalenda yake ni mwezi wa angani. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa zake, wakati ule zikiwa karabai, dagaa wakaufuata mwanga na kunaswa. Mbalamwezi ikitawala, taa haziwakusanyi tena, wavuvi hupumzika, na sisi tuliokaa nchi kavu tukafunga mkanda. Alfajiri mama alikuwa mwaloni na beseni lake, akinunua dagaa wabichi kutoka mtumbwini, kisha tukiwaanika juu ya mchanga, tukiwageuza na kuwafukuza kunguru mpaka miguu ituume. Jua likiwaka vizuri walikauka siku hiyohiyo. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka waliharibika, na mtaji wa siku nzima ukaishia kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa.

Kwa rejareja aliuza kwa sado, yaani lile kopo la bati la rangi la lita nne ambalo masoko yetu yamelifanya kipimo. Na kila mtu mwaloni alijua kwamba kopo lina siri yake. Ukiligeuza kichwa chini na kukigonga kitako chake kwa jiwe, taratibu, kwa kuzunguka, bati hubonyea kuingia ndani, na kopo linaloonekana zima hupungua ujazo bila mnunuzi kutambua. Yeye hutazama juu, kwenye kichuguu cha dagaa kinachofurika mdomoni, akaridhika. Anayetazama chini ni nadra. Faida yake ilikuwa konzi mbili hivi za dagaa kwa kila kopo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wachuuzi waligundua kwamba haba na haba hukipunguza pia.

Kopo la mama nililigonga mimi. Nilikuwa darasa la sita, na mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Usiku mmoja nilimsikia mama akilia kwa sauti ya chini, akidhani tumelala, na kwa akili ya mtoto wa miaka kumi na mitatu nikaona nimepata njia ya kumsaidia. Jumamosi mchana nikaenda na kopo nyuma ya choo, nikaokota jiwe la ukubwa wa ngumi, nikafanya kama nilivyowaona watu wazima wakifanya. Wiki iliyofuata mzigo ulidumu kidogo zaidi kuliko kawaida, na mama akamshukuru Mungu kwa kuubariki. Shukrani ile niliisikia nikiwa nimeinamisha macho kwenye sahani, na mpaka leo hakuna jambo katika kisa hiki linaloniuma kuliko hilo.

Siku ya tisa alikuwa akiliosha kopo ziwani, mkono wake ukagusa uvimbe wa bati kwa ndani. Aliusugua kwa kidole gumba mara mbili tatu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ni uchafu tu utatoka. Kisha akanitazama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunipiga, ingawa nilitamani anipige tuyamalize. Alikaa juu ya jiwe, akaanza kuhesabu kwa vidole siku zilizopita na watu waliokuja: mama fulani wa Igogo kopo mbili, mwalimu kopo moja, mama ntilie wa stendi kopo tatu, mpaka vidole vikaisha akaanza upya. Jioni alichukua mchi wa kinu, akakigonga kitako cha kopo kwa ndani mpaka kikarudi mahali pake. Bati lililokwisha kubonyea halirudi kuwa laini, kwa hiyo kilibaki na mikunjo ya duara.

Kesho yake aliwaambia wateja wake, mmoja mmoja, kwamba kopo lake lilikuwa limepungua na kwamba sasa yeye ndiye anayedaiwa nao. Kwa kila kopo walilonunua katika siku zile tisa aliwarudishia konzi nne, maradufu ya kilichopungua. Wachuuzi wenzake walikasirika, na ninawaelewa, kwa sababu mteja aliyeambiwa habari ya kitako cha kopo moja huanza kuvigeuza vitako vya makopo yote. Mmoja wao alimwambia mbele yangu kwamba anawaharibia watu riziki kwa kujifanya mtakatifu. Mama alijibu kwamba yeye anazungumzia kopo lake tu, akaendelea kupima.

Wale ambao hawakurudi mwaloni nilipelekwa mimi kwao, kwa miguu, na kikapu kichwani: Igogo, Mabatini, Kitangiri. Maneno ya kusema alinifundisha yeye, na hakuniruhusu kuyafupisha. "Shikamoo. Mama amenituma nilete dagaa wenu. Kopo letu lilikuwa limepungua, na aliyelipunguza ni mimi." Wengine walicheka, na mama mmoja alinifokea mpaka majirani wakatoka nje. Mzee mmoja Mwislamu alinikaribisha, akanipa maji, akaniambia kwamba katika Kurani imo sura inayoanza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo, kisha akanisindikiza hadi barabarani akiniombea dua. Mwezi ule tulikula ugali na mlenda, kwa sababu dagaa waliokuwa wa kwetu walikuwa wamekwenda kwenye nyumba za watu.

Wote walipatikana isipokuwa mmoja, mama wa Nansio, Ukerewe, aliyekuwa amenunua kopo sita akapanda meli siku hiyohiyo. Jina lake hatukulijua. Mama alikumbuka tu kwamba alikuwa na mtoto mgongoni na pengo la jino la mbele. Konzi zake ishirini na nne ziliwekwa kando.

Nilipokuwa kijana nilisimama mbele mara tatu katika mikutano ya injili pale viwanja vya Furahisha, na mara zote tatu nilisimama kwa kweli, machozi yakinitoka. Siudharau usiku wowote kati ya zile tatu, na ninaamini Mungu huwakuta watu viwanjani kama anavyowakuta popote. Ila kila mara nilirudi nyumbani nikidhani kwamba neno limekwisha, kwamba kilichotakiwa kwangu kimetolewa jioni ile na sasa kimebaki kungoja mbingu. Nilichelewa sana kuunganisha usiku ule wa Furahisha na mchi ule wa kinu. Mama alibatizwa ziwani akiwa msichana, na sijapata kumsikia akisimulia siku ile kwa maneno mengi. Lakini nilikuwa nimeiona imani yake ikishuka kutoka kwenye nyimbo, ikapita kwenye sala ya jioni, ikafika mpaka kitako cha kopo, mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Zakayo ndiye jamaa yake wa karibu katika Injili. Msomaji akiitazama vizuri sura ya kumi na tisa ya Luka ataona kwamba Yesu hakumwamuru arudishe kitu. Alimwambia tu ashuke mtini kwa kuwa leo atakuwa mgeni wake. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang'anywa kwa hila arudishiwe mara nne. Mtoza ushuru alikuwa mtu wa tarakimu, na toba yake ikaja kwa tarakimu. Ndipo Bwana akasema kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo. Kanda yetu ya maziwa makuu iliwahi kuyaona mambo haya kwa wingi, pale uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipoenea Uganda na kuingia Bukoba ng'ambo ya ziwa. Walokole wale walijulikana kwa kuungama hadharani, na pia kwa kurudisha vitu vya watu walivyokuwa wameiba. Hatia iliyoungamwa kwa midomo ilitembea kwa miguu mpaka kwa mwenye mali.

Najua kuna atakayesema kwamba hapa ninahubiri matendo, ilhali tumeokolewa kwa neema. Neema ninaishikilia kwa mikono miwili. Ningekuwa nategemea konzi nilizorudisha, yule mama wa Nansio peke yake angetosha kunihukumu. Lakini nimeona katika makanisa yetu jinsi mistari ya Waefeso kuhusu neema inavyosomwa mpaka wa tisa na kuachwa hapo, wakati wa kumi unaendelea kusema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo Mungu alitangulia kuyatengeneza ili tuenende nayo. Mama hakurudisha dagaa ili apendwe na Mungu. Alivyoliona jambo yeye, aliyekwisha kupendwa kiasi kile hawezi kuendelea kupima kwa kopo lile.

Sasa niseme juu ya wakati ambao mimi mwenyewe nilikaribia kuacha.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Binamu yangu, ambaye tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, alikuwa akirudi kutoka Bukoba. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na wengine hawakupatikana kamwe. Yeye ni mmoja wa hao. Kwa muda wa karibu miaka miwili sikuweza kusali. Nilifungua mdomo pakawa pakavu. Nyimbo zinazotaja maji na mawimbi, ambazo kwetu ni nyingi, nilizisikia kama dhihaka, nikawa natoka nje ya kanisa zinapoanza. Watu wema waliniletea maelezo ya mapenzi ya Mungu, nami nikawachukia kwa maelezo yao, ingawa niliwajibu kwa heshima.

Mama hakunieleza kitu. Yeye na wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wamepika uji tangu siku ya pili ya msiba, wakiwapelekea jamaa waliotoka mbali kungoja miili, watu wasiowajua, na hata baada ya mazishi waliendelea kuwatembelea wafiwa wa mitaa yetu kwa miezi mingi. Nilibebeshwa sufuria. Sikuulizwa kama nina imani ya kutosha kubeba sufuria. Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu benchi letu lilikuwa na nafasi yangu, na waumini walipokuwa wakisali mimi nilisimama katikati ya sala yao kama mtu aliyejikinga mvua chini ya baraza ya jirani.

Katika miaka hiyo nilisoma upya kisa cha Petro na wenzake katika sura ya tano ya Luka, nikakuta jambo ambalo nilikuwa nimelipita mara zote. Sote tunakumbuka kwamba walifanya kazi usiku kucha wasipate kitu, na kwamba baadaye nyavu zikajaa mpaka zikaanza kukatika. Katikati ya hayo mawili kuna neno dogo: Yesu alipofika ufukoni aliwakuta wakiosha nyavu zao. Mtu wa ziwani anaelewa hapo. Mvuvi aliyekosa na kukata tamaa huutupa wavu mchangani ukauke na magugu yake, akaenda zake. Anayeuosha baada ya kukosa ni yule anayekusudia kurudi usiku unaofuata. Petro alipoambiwa ashushe nyavu kwa mara nyingine, nyavu zilikuwa safi. Mimi miaka ile miwili sikuvua kitu, ila kwa rehema za Mungu, na kwa masufuria ya mama, wavu wangu ulikuwa ukioshwa. Sala ilirudi polepole, kwanza kwa sentensi moja moja, na siwezi kutaja siku iliporudi.

Pwani hii yetu ya kusini mwa ziwa ina historia ndefu ya watu wa namna hiyo. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti, alifika Buganda mwaka 1878, mwaka mmoja baada ya wamisionari wenzake wawili kuuawa Ukerewe. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alivuka ziwa akaja Usambiro, upande wetu, na hapo akafa kwa homa mwezi Februari 1890 bila kurudi kwao hata mara moja. Siku zake nyingi zilikwenda katika kazi za mikono na za kalamu: kupiga chapa, kuchonga, kujenga, kutafsiri neno kwa neno. Na kabla ya kifo chake, mwaka 1886, vijana waliofundishwa kule Buganda, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto pamoja Namugongo kwa kukataa kuikana imani. Tunawakumbuka kwa siku ile moja ya moto, na ni haki yao. Lakini ninapowasimulia wanafunzi wangu huwaambia watazame pia siku za kabla ya moto, zile za kusoma herufi na kukariri sala katika jumba la mfalme.

Kwetu sisi leo hakuna kuni zinazotungoja. Kuna mshahara wa dada wa kazi ambao haujalipwa miezi mitatu, katika nyumba ambayo baba na mama wametaja ahadi nono ya ujenzi wa kanisa mbele ya waumini wote. Nimekaa katika vikao vya wazee ambamo ahadi za namna hiyo zilipigiwa makofi, nami nikapiga makofi, huku nikimjua yule dada na kijiji alikotoka. Hilo nimelitubu, kisha nimelisema kikaoni, na halikupokelewa vizuri. Sioni namna ya kulizunguka. Fedha ya yule binti imewekwa katika bahasha ya Mungu, na Mungu ambaye Mithali inasema huchukizwa na mizani ya hadaa hawezi kuwa ameipokea kama tulivyoipokea sisi. Mtu akiniuliza amepimaje kujitoa kwake kwa Kristo, siku hizi simwulizi amefunga mara ngapi wala ananena kwa lugha gani. Namwuliza anamdai nani, nani anamdai, na nani anayepungukiwa kwa sababu yake bila kujua.

Ni swali gumu kwangu vilevile. Mwaka jana lilinirudisha kwa mwenzangu wa kazi ambaye niliacha abebe lawama ya kosa letu sote wawili, miaka mingi iliyopita. Nilikwenda kwake Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, tukaketi chini ya mwembe, nikasema nilichokwenda kusema. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba amesikia. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumdai aseme. Tumezungumza kwa simu mara mbili tangu hapo.

Mama sasa ana miaka 78 na anaishi nasi. Sado lile bado lipo, hulitumia kupimia mahindi ya kuku, na mikunjo ya duara bado inaonekana ukilitazama kwa ndani. Miaka ile dagaa za mama wa Nansio zilipoanza kuingia wadudu alimpa mjane jirani, akaweka nyingine mpya mahali pake, na za pili zilipochakaa akafanya vivyo hivyo. Meli ya Nansio ilipotia nanga, kama alikuwa karibu, aliwatazama abiria mmoja mmoja wakishuka.

Mwezi uliopita nilipata msiba Ukerewe. Asubuhi ya safari alinipa mfuko mdogo wa dagaa uliofungwa kwa uzi, nikaelewa kabla hajasema.

"Mama," nikamwambia, "huyo mtu huenda amekwisha kufa."

"Basi ana watoto," akasema. "Si alikuwa na mtoto mgongoni?"

Baada ya mazishi nilipita sokoni Nansio, nikawauliza akina mama wa makamo kama kuna amjuaye mwanamke aliyekuwa na pengo la mbele, aliyewahi kununua dagaa Kirumba zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Walinisikiliza kwa upole, wakaulizana wao kwa wao, wakataja majina mawili ya marehemu ambayo hayakuafikiana na maelezo yangu. Nilirudi na mfuko ule kama ulivyokuwa. Mama aliupokea, akakikagua kifundo cha uzi, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.